Thangari Iliyofyekwa

Shamba yetu ya Mweiga, ndugu yangu mkubwa aliipanda soya yote. Alikuwa amemwambia mathe wazi: soya ikishika, anabaki nyumbani. Ikikataa, anaenda kutafuta kibarua Nanyuki.

Soya ikamea poa. Lakini thangari ikatokea, ile nyasi mizizi yake inatambaa chini kama waya, ukiikata na jembe kila kipande inazaa ingine. Ndugu yangu akanunua dawa ya kuua nyasi na kuacha soya. Alisoma hiyo lebo mpaka nikamcheka.

Asubuhi ya kupiga dawa, tukapata mathe ametutangulia. Thangari yote katikati ya mistari imefyekwa chini kabisa, ng'ombe anatafuna.

"Nimekusafishia, baba," akamwambia. "Sasa dawa itaingia kwa mizizi moja kwa moja, ama?"

Ndugu yangu akaangalia mistari. "Asante, mum." Akabeba pampu mgongoni, akaanza.

Thangari ikarudi na nguvu, ikafunika soya. Jirani akaegemea ua yetu: "Kijana, ulikuwa unanyunyizia nyasi maji ndio inone?"

Nilitaka kuruka hiyo ua nimkung'ute. Nikaenda agroveti, ile duka alinunua dawa, badala yake, nikagonga kaunta. "Mliuzia ndugu yangu maji!"

Muuzaji hata hakupandisha sauti. "Siku ya kupiga, nyasi ilikuwa na majani?"

"Ilikuwa imefyekwa," nikasema.

"Dawa inaingilia kwa majani ndio ishuke kwa mizizi," akasema. "Bila majani ingeingilia wapi? Mngengoja ichipue kwanza."

Nikarudi nyumbani mbio, nikamshika ndugu yangu shati. "Hiyo lebo uliisoma. Ulijua!"

"Punguza sauti. Mum yuko jikoni."

"Si ungemwambia? Si tungengoja?"

"Ameamka na baridi, amefyeka shamba nzima na huo mgongo wake, ju yangu. Ningeanza aje?"

Akaenda Nanyuki. Mpaka wa leo anapakia mawe kwa lori. Mimi huyu wa kubishana na kila mtu, hiyo siri yake nimeikalia, na inaniuma vibaya.

Soya hatujapanda tena. Juzi tu mathe alikuwa anafyeka ile thangari, akainuka akishika kiuno.

"Kama wangemuuzia dawa ya ukweli," akasema, "si kijana wangu angekuwa hapa?"

Nikachukua mzigo ya nyasi, nikapelekea ng'ombe.