Mimi Sirudi Jumapili

Juzi mwalimu wetu wa kompyuta aliirudisha mashine iliyoharibika kwenye hali yake ya wiki iliyopita, nami nikacheka peke yangu kama mwenye wazimu.

Nilikuwa mdogo. Mvua ya alasiri ilipiga mabati, chai ikinukia kutoka kiwandani, na kompyuta ya mama ilikuwa inakwama kila mara. Anko Kibet akatoa disketi zake.

"Tunairudisha Jumapili. Ilikuwa sawa."

Jumapili? Jumatatu nilikuwa nimechapwa viboko vinne kwa kumchora mwalimu mkuu akiwa na pembe. Nilidhani tutarudi sote, nichapwe upya. Nikaikumbatia kompyuta, yenye joto na harufu ya vumbi.

"Mimi sirudi! Nilishachapwa, imeisha!"

"Toka hapo, wewe!"

"Sitoki!"

Anko alinivuta mguu, nikang'ang'ania. Katika hizo kelele mama akashtuka. "Ngoja, Kibet! Na mtihani niliowatungia wanafunzi jana? Si utapotea?"

Anko akanakili mtihani kwenye disketi kwanza, ndipo akairudisha mashine. Ikawaka vizuri. Hakuna aliyenishukuru.

Ijumaa mama, ambaye ndiye aliyetufundisha hesabu, akatugawia mtihani niliouokoa. Nilipata saba kwa hamsini.

Siombi msamaha. Hata leo ningeng'ang'ania, ila mkono mmoja ungeziba mdomo wa mama.