Beryl na Ng'ombe wa Kumi na Tisa

Beryl Thurkettle alikuwa ananichosha, nasema kweli. Ameendesha basi la shule miaka thelathini, na mpaka leo haondoki mahali kabla hajahesabu vichwa mara mbili. Sisi wa kujitolea kazi yetu ni kukagua ng'ombe wa mfugaji Catchpole wanaolishwa kwenye kinamasi cha hifadhi wakati wa kiangazi: wametimia, hawachechemei, maji yapo, basi. Mimi humaliza kwa dakika ishirini. Beryl anataka kila ng'ombe ainuke, atembee, na asomwe namba ya hereni ya sikio.

"Kumi na tisa," nikasema Jumanne ile, jua likinichoma utosi. "Wametimia. Twende tukanywe chai."

"Umesoma hereni?"

"Beryl, nani atamghushia ng'ombe kitambulisho?"

"Kanywe chai yako, Dunstan. Mimi bado."

Nikaegemea geti nimenuna. Akawapitia mmoja mmoja na darubini yake, kisha akasimama ghafla.

"Huyu si wetu."

Alikuwa mtamba mwekundu kama wenzake, ila hereni ilikuwa ya jirani. Kapenya uzio. Nikaanza kucheka, halafu nikapiga hesabu. Kama mgeni yumo kwenye kumi na tisa, basi wetu mmoja hayupo. Na jana zamu ilikuwa yangu. Jana pia nilipata kumi na tisa, nikiwa papo hapo getini.

Tukakimbilia mifereji, yeye kushoto, mimi kulia. Nilimsikia akipiga yowe. Nilipofika, pua na sikio moja tu vilionekana juu ya matope, katikati ya matete. Beryl, mwanamke wa miaka sabini na mbili, alikuwa ameshatelemka, matope yamemfika kifuani, kichwa cha mtamba kiko begani mwake.

"Toka, utazama!"

"Mpigie Catchpole, acha kelele!"

Catchpole akasema trekta itachukua nusu saa. Nusu saa! Mikono ya Beryl ilikuwa inachoka, na kila ilipolegea, pua ilizama kidogo. "Vumilia, mwanangu," alikuwa akimwambia mnyama, "vumilia." Mimi naogopa maji tangu utotoni. Niliingia hivyo hivyo, nikakamata upande wa pili, nikaomba Mungu.

Catchpole alipofika alipitisha mkanda nyuma ya miguu ya mbele, trekta ikavuta. Mtamba akalala kwenye nyasi kama gunia. Tukamsugua kwa majani mpaka viganja vikawaka moto. Akakohoa. Akajaribu kuinuka mara mbili, akaanguka; mara ya tatu akasimama, magoti yakigongana, na Beryl akalia bila kuona haya.

"Huyu hakutumbukia leo," Catchpole akasema. "Jana alikagua nani?"

Beryl alijua. Akainama akakamua soksi zake. Wema ule wa kunificha uliniuma kuliko kama angenitukana.

"Ni mimi," nikasema. "Nilihesabu nikiwa getini. Samahani sana, Catchpole."

"Usiniombe mimi. Muombe yeye."

Mtamba alikuwa amewageukia wenzake. Akapanua kinywa awaite, shingo ikanyooka, mbavu zikabana, lakini sauti haikutoka.

"Imekauka," Catchpole akasema. "Ameita usiku kucha."