Pilipili Ndani ya Wali

Vidole vya mama mpika wali wa sikukuu havitakati mwezi mzima kwa rangi anazoutilia wali: zambarau ya majani, manjano ya maua. Hupika huku akikigombeza chungu, "Iva, wee! Watu watabisha hodi!" Sikukuu hii kijana hubisha hodi kwa msichana amtakaye, akapewa wali wenye jibu lake ndani. Lakini watu gani? Vijana wote wako viwandani, pwani huko. Anayebisha ni Baolai peke yake, wa kijiji cha ng'ambo, anayemtaka binti wa mama huyu. Naye binti, huko huko viwandani, kila mwaka humwambia kwa simu, "Mama, mfungie pilipili." Pilipili ndani ya wali ni kukataliwa. Miaka mitatu mama amemfichia Baolai majani ya msonobari badala yake, yaani subiri, urudi tena. Mwaka huu binti ameolewa.

Baolai akaufungua wali pale pale mlangoni, akaiona pilipili nyekundu.

"Kasema yeye, mama?"

Mama akavifuta vidole vyake kwenye aproni, akavifuta tena. "Tangu mwaka wa kwanza, mwanangu."

Baolai akaitafuna pilipili yote, machozi yakimlengalenga, akashukuru, akashuka ngazi. Mama akarudi jikoni. Chungu kilikuwa bado nusu, wala hapakuwa na mwingine wa kubisha hodi.