Kilo za Unyevu

Baba alikuwa karani wa mizani kwenye ghala la pamba la ushirika wa kijiji chetu, upande wa Mugango, na kwa miaka yote hiyo sijui mkulima aliyeondoka mbele yake na uzito wote aliokuja nao. Alitoa kwanza kilo moja ya gunia. Kisha aliingiza mkono kwenye pamba, akakunja uso, akasema ina unyevu, na hapo zikaenda kilo nyingine mbili. Hata pamba ya mama aliikata kilo hivyohivyo, na jioni akala ugali wake bila haya.

Wanunuzi binafsi waliporuhusiwa walikuja na mizani zao, na ile ya ushirika ikabaki inaning'inia ghalani bila kazi. Baba alikuwa ameshastaafu. Miguu ilikuwa imemvimba, na hakuweza kulala bila kuegemea mito mitatu. Daktari huko Musoma alituambia moyo wake umechoka kusukuma damu, ndiyo maana maji yanabaki mwilini. Akampa vidonge vya kuyatoa na kumkataza chumvi. Baba akamjibu kwamba miaka ya foleni, bidhaa zilipoadimika madukani, alikula bila chumvi na hakuandikiwa na daktari yeyote.

Agizo kubwa lilikuwa kupima uzito kila asubuhi, akishakojoa na kabla ya uji. Ukipanda kilo mbili ndani ya siku chache, hayo ni maji: tuongeze kidonge na kumrudisha hospitali upesi, kwa sababu yakijaa mapafuni atakufa. Mizani ya kusimamia hatukuwa nayo. Tulikuwa na ya pamba.

Basi kila siku, kabla sijaenda kufundisha, nilimpeleka ghalani. Alikaa kwenye gunia lililofungwa kamba nne, akaning'inia kwenye ndoano akiwa na kofia yake, akizunguka polepole kama kiongozi anayekagua gwaride. Mimi nilisoma mshale, yeye akasema cha kuandika.

"Sabini," nilisema.

"Toa kilo ya gunia. Halafu nimetoka kuoga, toa moja ya unyevu. Andika sitini na nane."

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, na niliandika. Mshale uliposogea, unyevu nao uliongezeka, na daftari likabaki sitini na nane wiki mbili nzima. Sidhani alikusudia kudanganya. Mkono ulikuwa umezoea, na pia aliogopa hospitali, ingawa hilo asingelisema hata kwa viboko.

Asubuhi moja alipumzika mara tatu njiani, na mama akatufuata. Alitazama mshale, akatazama daftari.

"Sabini na nne. Hii sitini na nane imetoka wapi?"

"Kuna unyevu," baba alisema kutoka juu. "Mimi nimepimaga miaka mingi, mama watoto."

"Baba watoto, huo unyevu ndio daktari anautafuta."

Niliona aibu mpaka masikioni. Tulimpeleka Musoma siku hiyohiyo, akihema kama aliyepanda mlima. Daktari alisema tungechelewa siku mbili tungerudi na maiti. Walimwongezea dawa, naye akakojoa, kwa maneno yake, kama ng'ombe wa mnadani. Alirudi nyumbani anaonekana kijana, na mama akachukua daftari.

Asubuhi ya kwanza baada ya kurudi, mama alisoma mshale mwenyewe. Baba akasema, "Toa ya gunia tu. Nyingine andika zote."

Mama aliandika. Halafu akashika kamba ya gunia, asimteremshe.

"Na pamba yangu?"

Baba alitazama milango ya ghala, akatazama miguu yake iliyokonda, ikiwa bado haijagusa sakafu.

"Ilikuwaga kavu," alisema.