Hodi Zisizo na Mtu

Nimeandika haya mara mbili nikafuta. Sina hakika kama ni yangu kuyasimulia. Mimi ni mtu wa mapokezi tu, kwenye kituo cha afya hapa Korogwe, na shule yangu iliishia kidato cha pili.

Asubuhi ile aliletwa binti kutoka Kwedizinga kwa bodaboda, kabanwa katikati ya dereva na mama yake. Homa kali, hajitambui. Mama akasema ipo dawa aliyowahi kupewa hapahapa ikamvimbisha, nusura imuue. Jina la dawa halijui. Jina lilikuwa kwenye faili, na mafaili yetu yote yapo kwenye kompyuta ya makao makuu.

Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena.

Fundi wa mitandao akaja mbio. "Tumeshambuliwa. Fayawoli imeelemewa."

"Si ulituambia hiyo ndiyo mlinzi wa kompyuta zetu?" daktari akamuuliza.

"Ndiyo mlinzi." Akanigeukia. "Dada, kwenu Handeni mtu akipiga hodi unafanyaje?"

"Naitika karibu, naacha kinu, nangoja aingie."

"Basi. Kuna watu huko wanatupigia hodi maelfu kwa mkupuo, na haingii mtu. Yeye anaitika kila moja na kungoja. Hodi yako wewe haisikiki."

"Mlinzi gani huyo," muuguzi akadakia, "hajui hata kufukuza!"

Tulicheka, Mungu atusamehe. Mama yule hakucheka.

Daktari alikuwa na sindano ya dawa kali mkononi. Akairudisha, akampa dawa hafifu asiyoitilia shaka, akaita gari limpeleke Moshi. Simlaumu. Wala fundi simlaumu: hakutuambia kwamba mlinzi naye huelemewa, lakini nasi hatukumuuliza.

Hawakupita Mkumbara. Binti alikata roho njiani.

Alasiri faili likafunguka lenyewe. Dawa iliyoandikwa kwamba ilimvimbisha haikuwa ile ya kwenye sindano. Kama ingemponya, sijui. Daktari naye alisema hajui, na alisema hivyo akiwa ameinamisha kichwa.

Baada ya arobaini mama alikuja kuchukua khanga za bintiye zilizobaki kwetu. Mlango ulikuwa wazi. Akasimama kizingitini, akapiga hodi.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Nikaacha kazi, nikangoja aingie.

"Nipe hapahapa," akasema.