Mama Alivyonisema Kwenye Filamu

Mama yangu alinishtaki mbele ya ukumbi mzima, miezi mitatu baada ya sisi kumzika.

Si ndoto, si uchawi. Tulieni niwasimulie.

Mwaka juzi alikuja Mfaransa mmoja, mwanamke, mwongozaji wa filamu. Anaitwa Maeli. Alikuwa anarekodi akina mama waliofiwa na watoto machimboni. Akatafuta mkalimani wa Kisukuma na Kiingereza, shavu la kazi hiyo nikalipata mimi, Salvina.

Mama wa kwanza kwenye orodha yake akawa mama yangu mwenyewe.

Mdogo wangu Makoye alifukiwa kwenye duara letu, shimo la dhahabu, huko Geita, akiwa na miaka ishirini na sita. Watu walijua alishuka kwa tamaa yake. Mimi ndiye niliyewaambia hivyo.

Ukweli ni kwamba asubuhi ile alikataa.

"Dada, matimba ya kuzuia kuta yamelegea. Udongo unadondoka."

Nikamjibu mbele ya wenzake, "Mwanaume mzima unaogopa shimo? Nenda nyumbani ukapike!"

Wakacheka. Akashuka.

Siku ya kurekodi tulikaa uani kwa mama, Kishapu. Maeli akauliza Makoye alikufaje. Mama akanitazama, akajibu kwa Kisukuma, taratibu.

"Makoye aliogopa. Dada yake akamcheka Makoye. Ndipo Makoye akashuka."

Mzungu anasubiri.

"Anasema ni mapenzi ya Mungu," nikatafsiri.

Mama hajui Kiingereza hata cha salamu. Nikajiona mjanja.

Sasa Maeli ana utaratibu wake. Maswali yakiisha, anaiacha kamera inarekodi dakika kumi, anamwondoa kila mtu, na yeye mwenyewe anaondoka. Tukaenda kunywa chai kwa jirani. Tuliporudi, mama alikuwa anachambua choroko zake.

Filamu ilipokamilika, mama alikuwa ameshafariki. Maeli akanipigia, "Njoo uitazame kwanza peke yako."

"Ya nini? Si nilikuwepo?"

Siku ya kuionyesha nikaalika ukoo mzima ukumbini Nyasubi. Nikavaa kitenge kipya, nikakaa mbele na mama mdogo Generosa.

Kumbe huko Ufaransa walimpata Msukuma anayesoma kwao, akatafsiri kila kitu upya. Maandishi ya Kiswahili yakapita chini ya picha: dada yake akamcheka.

Minong'ono ikaanza. Nilitamani ardhi inimeze.

Halafu ikaja ile sehemu ya dakika kumi. Mama yuko peke yake, anaitazama kamera.

"Nimemtaja Makoye mara tatu. Binti yangu hakumtaja hata mara moja. Lugha siijui, lakini jina la mwanangu ningelisikia. Wenzake waliniambia yote siku ya msiba. Nimeshamsamehe. Nataka tu aniambie mwenyewe. Nitamsubiri."

Alinisubiri zaidi ya mwaka. Kila Jumapili nilimpelekea sukari, tukaongea habari za mvua, nikaondoka.

Taa zilipowashwa, mama mdogo akanigeukia.

"Salvina, ulimwambia nini Makoye?"

Nikasimama, nikasema yote, neno kwa neno, nikilia. Watu wakatoka mmoja mmoja, na mama mdogo akawafuata.

Ndugu yangu unayesoma hapa, kama kuna mtu unamficha jambo ukidhani hajui, mwendee leo. Mimi niliungama mbele ya ukumbi mzima, na aliyekuwa tayari kunisamehe hakuwepo.