Macho Namba Kumi na Nne

Boazi alizaliwa na macho yanayosinzia hata akiwa amekunywa vikombe viwili vya chai. Kope za juu zilimshuka, pembe za nje zikainama kuelekea mashavuni, na huko shuleni mwalimu wa hesabu alimchapa sijui mara ngapi kwa kosa la kulala darasani, ilhali mtoto wa watu yuko macho, anafuatilia mpaka desimali. Alipojitetea alionekana kusinzia zaidi, akaongezewa. Akakua hivyohivyo, akajifunza kupiga picha, na mwaka 2014 alikuwa na studio yake Tunduma, chumba kimoja jirani na mpaka wa Zambia, anawapiga picha za pasipoti watu wanaovuka kwenda Nakonde.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza, alijipiga mwenyewe picha moja ili kupima mwanga. Akishaichapa anaitupa kwenye boksi la viatu, pamoja na picha ambazo wateja walizisahau. Boksi lilikuwa limejaa nyuso za watu, na Boazi hakuwahi kufikiria kwamba lina kazi yoyote.

Sasa kijana mmoja wa Nakonde, akisubiri picha zake, akamwonyesha kwenye simu ukurasa wa wanaume wanaofundishana kuwa watanashati. Huko, ndugu yangu, mwanaume hapimwi kwa kazi wala kwa adabu, anapimwa kwa macho. Kuna macho ya mwindaji: membamba, marefu, kope ya juu haionekani, pembe ya nje imepanda kidogo kuliko ya ndani. Na kuna macho ya anayewindwa: ya duara, au yaliyoshuka. Wenye ya kwanza hupendwa na wanawake. Wenye ya pili, pole yao.

Kijana akaenda zake. Boazi akautafuta ule ukurasa kwenye simu yake, akasoma mpaka kifurushi kikaisha.

Hakuumia, alishangaa. Miaka minane anawaambia watu "tazama hapa, usipepese", kumbe hajawahi kuyaangalia macho yenyewe. Akachukua rula, akapima picha yake. Pembe ya nje ilikuwa chini ya ya ndani kwa milimita mbili nzima. Ndipo akakumbuka kwamba siku alipopeleka posa Ihanda, nyumbani kwa mchumba wake Roda, shangazi mmoja wa binti alinong'ona kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Mkwe wetu amechoka na safari?" Watu walicheka, na yeye alicheka nao. Lakini lile neno lilikuwa limekaa.

Roda alikuwa mwalimu Nanyala. Ndoa ilipangwa Jumamosi ya tarehe moja Machi, siku chache kabla ya Kwaresma, na Kwaresma ikishaanza kanisa lao halifungishi ndoa mpaka Pasaka ipite.

Boazi akaanza mazoezi. Alibana kope akipiga mswaki. Aliweka vijiko vya baridi machoni alfajiri, na alfajiri ya Tunduma unaijua, kijiko hakihitaji barafu. Siku moja akaingia studio Nkwabi, mfugaji kutoka Ivuna, na Boazi akaduwaa: macho ya mwindaji yale yale ya kwenye simu, pembe zimepanda, kope hazionekani.

"Kaka, samahani," akamuuliza. "Macho hayo uliyapataje?"

"Jua na moshi," Nkwabi akasema. "Huko kwetu usipobana macho utapofuka."

"Na wanawake wanasemaje?"

Nkwabi akafikiri. "Mke wangu huniuliza kila siku nimekasirika nini."

Mtu mwingine angeishia hapo. Boazi akataka uhakika. Akachagua picha ishirini za wanaume kutoka kwenye boksi, na kwa kisu chake cha kukatia picha akatoa kwenye kila moja kipande chembamba, macho matupu, bila pua wala mdomo. Akaandika namba mgongoni. Nkwabi, ambaye naye alisahau nakala moja, alikuwa namba saba. Namba kumi na nne alikuwa Boazi mwenyewe, kutoka kwenye picha ya kupimia mwanga. Hakumwambia mtu.

Wa kwanza kuulizwa alikuwa Roda, aliyepita studio Jumamosi. Akampa bahasha yenye vipande. "Chagua macho ya mwanaume mzuri." Kabla Roda hajajibu waliingia wateja watatu wa haraka, Boazi akawahudumia, na alipomaliza Roda alikuwa ameshaifunga bahasha.

"Umechagua?"

"Nimechagua."

"Namba ngapi?"

"Utaijua siku yake," Roda akasema, akacheka, akawahi gari la Nanyala.

Wiki ile bahasha ilizunguka kwa wanawake kumi na mmoja. Fortunata, mama lishe wa jirani, alimwaga vipande mezani, akachukua namba tatu. "Huyu anamaliza ugali wote, mdogo wangu, naona kabisa." Mwingine alichagua namba tisa kwa kuwa anafanana na kaka yake. Namba saba, mwindaji mwenyewe, alipata kura moja, na aliyempa akarudi kesho yake kubadilisha. Yaani habari ya mtandaoni ilianguka palepale juu ya meza ya Fortunata. Lakini Boazi hakuliona hilo. Aliona kwamba kumi na nne haikupata hata moja, na safari hii aliumia. Aliumia vibaya.

Kanisa la Ihanda, tangazo la ndoa hubandikwa ubaoni na picha za wachumba kwa Jumapili tatu, ili mwenye pingamizi ajitokeze. Boazi akachukua picha yake ileile ya kupimia mwanga, safari hii kwenye kompyuta. Akapandisha pembe, akafuta kope, akapunguza uduara. Akaichapa ukubwa uleule wa pasipoti, akaituma.

Jumapili ya kwanza watu walinong'ona. Jumapili ya pili akaja Bibi Ketrina, nyanya yake Roda, ambaye siku ya posa alikaa ana kwa ana na Boazi saa tatu nzima. Akaitazama ile picha kwa muda mrefu, kisha akaenda ofisini na mkongojo wake, akaweka pingamizi. Aliyeleta posa, alisema, si huyu. Mjukuu wake anabadilishiwa mwanaume.

Jumapili ya tatu, kabla ya ibada, waliitwa wote. Mzee Isaka, mzee wa kanisa, akaiweka picha mezani, akamtazama Boazi, akaitazama picha.

"Kijana wangu, huyu ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Niliyarekebisha macho."

"Uliyarekebisha kwa nini?"

Utaanza kumweleza mzee wa kanisa habari za mwindaji?

"Basi tumetangaza Jumapili mbili sura isiyo yako," Mzee Isaka akasema. "Hatuna budi kuanza upya. Tatu nyingine, tutakuwa ndani ya Kwaresma. Ndoa itasubiri baada ya Pasaka."

Baba yake Roda, aliyekuwa amekaa kwenye kona, akasema kwamba binti aliyewekewa pingamizi kanisani hawezi kukaa nyumbani mpaka Pasaka watu wakimsema. Bora posa irudishwe, wayazungumze upya mwakani, kama yatazungumzika. Kwa mikono yake mwenyewe, na kompyuta yake mwenyewe, alikuwa amejiondoa.

Roda akasogea mezani. Alifungua kitabu chake cha nyimbo, akatoa katikati ya kurasa kipande chembamba cha karatasi ya picha, akakilaza juu ya ile picha mezani, kwenye macho. Kikakaa sawasawa. Ukingo wa juu ukakutana na paji, wa chini ukakutana na pua, na kutoka pale mezani Boazi wa siku zote akawatazama, anasinzia.

"Sura ni yake, mzee," Roda akasema. "Kilichokosekana ni haya."

Mzee Isaka akainama karibu. Akamgeukia Bibi Ketrina. Bibi naye akainama, akatazama mpaka akaridhika.

"Huyo ndiye," akasema. "Naondoa maneno yangu."

"Basi la leo linabaki tangazo la tatu," Mzee Isaka akasema, akafungua droo, akatoa gundi.

Boazi aliwahi kukishika kile kipande kabla hakijabandikwa, akakigeuza. Mgongoni kulikuwa na mwandiko wake mwenyewe: kumi na nne.

"Wale kumi na mmoja," akasema polepole, "hakuna hata mmoja aliyeyachagua."

"Hawakuyaona," Roda akasema. "Ulisema nichague, nikachagua. Nilikuwa nayo mimi tangu siku ile."